Propela ya Nyuma

Mkono wa kulia wa Mama Pindo ulikuwa na usingizi wake wa peke yake. Mwenyewe ataamka, atakunywa chai, atajibu salamu zinazopita dirishani, na mkono bado umelala mapajani umejikunja. Ukiuambia amka, unajifanya hausikii. Kiharusi kilimkuta akipiga pasi suruali ya mteja. Suruali iliungua goti, yeye akapooza upande mmoja, na mteja yule hadi leo anasimulia mtaani kana kwamba aliyepatwa na balaa ni yeye. Binadamu hawa, wacha tu. Baadaye mguu ulirudi, ukikokota kidogo. Maneno nayo yakarudi, moja leo, jingine kesho. Mkono ndio uliogoma.

Na haukuwa mkono wa kuchezea. Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa ajili ya pindo zake: igeuze nguo ndani nje, ipeleke juani, uzi huuoni. Lakini mwenyewe alijivunia zaidi kipimo. Mafundi wengine humpima mtu kasimama wima kama mlingoti, wakakata, wakashona, na siku ya kuvaa mwenye shati akinyanyua mikono ampokee mtoto, kwapa linachanika mbele za watu. Mama Pindo alimpima mtu akiwa katika shughuli zake. Nyanyua mkono. Pinda kiwiko. Haya kaa, inama, jifanye unafunga kamba za viatu. Mumewe mwenyewe alimpata hivyo hivyo. Alikuja kijana kushonewa shati, akasimama mbele yake amekakamaa kwa haya, naye akamwuliza, "Kaka, wewe hujawahi kujikuna mgongo? Hebu jikune nikuone." Akajikuna. Yaliyofuata ni ndoa.

Mume huyo alikuwa fundi wa saa, na watu hawakujisumbua kumtafutia jina jingine. Walimwita Fundi Saa, basi. Sebule yao ndiyo ilikuwa karakana ya wote wawili. Dirishani ilikaa meza yake yenye vibano, bisibisi nyembamba na taa ya kuinamisha, na upande wa pili, karibu na kabati la vitambaa, cherehani ya mkewe. Saa za ukutani mle ndani hazikuwahi kukubaliana hata siku moja, mganga hajigangi, lakini saa ya mteja ikishapita mikononi mwake ilitulia. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho makali, anayepima mara moja na kukata. Kurudia kipimo, alisema, ni kujitukana mwenyewe.

Starehe yake ilikuwa moja tu: kigari cha rimoti. Si vile vya watoto vinavyokimbia na kugonga miguu ya viti. Hiki kilikuwa cha kupanda mawe, urefu wake kama mkono mpaka kiwiko, magurudumu manene ya mpira laini, springi ndefu, na mwendo wa kinyonga. Kikifika kwenye jiwe kinaweka gurudumu moja, kama kinafikiri vile, kisha la pili. Alikinunua kikiwa kimetumika, kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akihama, na Mama Pindo enzi hizo za uzima alicheka mpaka akakalia vitambaa vya watu. Mtu mzima na ndevu zake, na kigari! Akawatangazia majirani kwamba nyumba yao imepata kitinda mimba.

Hospitali, dada wa mazoezi alimpa mpira wa sponji, awe anabinya na kuachia. Mama Pindo aliuchukia mpira ule kwa moyo wake wote. Kubinya aliweza, kwa taabu. Kuachia ndiko kulikomshinda. Vidole vikishashika vilisahau njia ya kurudi. Mchana mmoja Fundi Saa akachoka kuutafuta mpira uvunguni mwa kitanda, akamwekea mkononi rimoti ya kigari. Ilikuwa na umbo la bastola. Kidole cha shahada kikivuta, gari linakwenda. Kikiachia, gari linasimama. Mkono wa kushoto, ule mzima, unazungusha usukani mdogo pembeni. Akamkalisha kwenye kiti kibarazani, mlango wa nyuma, mbele ya lundo la mawe ambayo jirani alikuwa ameyamwaga ajenge msingi, msingi wenyewe haukujengwa na nyasi zikaota katikati.

Kidole kikavuta. Kigari kikaanza kupanda, na hapo likatokea jambo ambalo Mama Pindo hakumwambia mtu, akiogopa watasema ugonjwa sasa umepanda kichwani. Aliingia ndani yake. Sijui nisemeje vingine. Alikuwa palepale kwenye kiti, na papo hapo alikuwa mle kigarini, mdogo kuliko kifungo cha shati, na mawe yamekuwa milima. Alipita chini ya nyasi zilizokutana juu yake na kuufanya mwanga kuwa kijani. Akawapisha siafu barabarani. Akaingia kwenye kivuli cha jiwe kubwa, kukawa baridi na kimya kama chumba kisicholalwa mtu, akatokea upande wa pili juani, vumbi likielea mbele yake taratibu. Mle ndani hakuwa na mkono mgonjwa wala mzima. Alikuwa magurudumu manne tu, yanatafuta pa kushika, yanapapasa, yanakwenda. Mumewe alipomgusa bega alishtuka; jua lilikuwa limeshahamia ukuta mwingine, na chai imepoa.

Kila alasiri ikawa ni hiyo. Majirani walipita na pole zao na ushauri wao, hujambo mama, kaza moyo, utapona tu, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, naye akawaitikia kutoka mbali, kutoka juu ya jiwe fulani. Hata usingizini aliendelea. Aliota milima ya vitambaa, miteremko ya kanga na khaki, na yeye anapanda mshono kwa mshono bila kuchoka. Akiamka anautazama mkono, na mara nyingine, ni kweli kabisa, kidole kinacheza.

Kisha siku moja kigari kikakwama. Gurudumu la nyuma lilibanwa na mawe mawili, na kidole kilikuwa kimevuta. Mama Pindo akakiambia kiachie. Hakikuachia. Akakiambia kwa upole, akakiambia kwa ukali, akakisihi. Mota ikalia, gurudumu halizunguki, na chini ya tumbo la kigari kitu kikajisokota mpaka kikasema tak. Fundi Saa alikimbia akakipindua. Propela ya nyuma ilikuwa imekatika, ule mti wa plastiki unaotoka kwenye giaboksi, katikati, kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Ilikuwa imejiviringa kama nguo iliyokamuliwa.

Mume alisema plastiki ni plastiki tu, itakatika, na akaongeza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama Pindo hakuwa na hamu ya methali.

"Si plastiki," alisema. "Ni mkono huu. Utavunja kila kitu kitakachowekwa ndani yake."

Kesho yake akampigia simu wifi yake, dada mkubwa wa Fundi Saa, aliyekuwa akishona mashuka ya kuuza kwa cherehani iliyozeeka. Akamwambia aje Ijumaa achukue hii ya sebuleni. Bure, kabisa. Wifi akauliza mara mbili kama amesikia sawasawa, akashukuru na kushukuru tena, na simu ilipokatika Mama Pindo alibaki ameikumbatia kifuani. Kwa mtu mwingine cherehani ni chombo, kikienda kinakuja kingine. Kwake yeye, kuitoa kulikuwa kukubali kwamba mkono hautarudi, na kwamba siku zilizobaki ataziishi kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe, anayeletewa, anayelishwa, anayefunikwa shuka.

Na kulishwa alilishwa, usiseme. Fundi Saa alikuwa mlezi wa kupigiwa mfano. Alimkatia mkate vipande vidogo, alimfunga vifungo, alimsogezea kikombe kabla hajageuza shingo kukitafuta. Watu walimsifu, waume wa aina hii wako wapi siku hizi. Hata mkewe alimsifu, na alimpenda, hilo halina ubishi. Ila ziko saa alizosogezewa kikombe akatamani kukipiga teke.

Fundi Saa hakubishana naye juu ya cherehani. Kubishana hakukuwa kwake. Aliagiza propela za chuma, na Ijumaa asubuhi zikafika, mbili ndani ya pakiti, ya mbele na ya nyuma, zikimeta. Hazikuwa za kampuni iliyotengeneza kigari. Zilikuwa za kuongezea, za magari ya kila aina. Kila moja ilikuwa na vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine na kuteleza, ili mti urefuke na kufupika kadiri ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, inavyopanda na kushuka kwenye mawe. Miisho yote miwili ilikuwa na kiungo cha msalaba cha kuuwezesha kupinda. Zinakuja ndefu, na mwenye gari anajikatia kwa kipimo chake.

Mama Pindo alimtazama kutoka kwenye kochi, macho nusu. Kazi ya mumewe ilikuwa ya kumlaza mtu. Alikiweka kigari mezani kikakaa vizuri juu ya magurudumu yake manne, akainama na kipimio chake cha chuma kutoka giaboksi mpaka ekseli ya nyuma, akatia alama, akakata kwa kisumeno chembamba. Chuma kililia sauti ndogo tamu. Akapiga tupa ncha, akapuliza unga. Akahakikisha misalaba ya huku na huku imetazama upande mmoja, maana ikipishana propela hutetemeka, akatia tone la gundi kwenye skrubu na kukaza. Ya mbele, kwa kuwa plastiki yake ilikuwa bado nzima, akaiacha kwenye pakiti. Mchana ukajaa harufu ya mafuta ya mashine, saa zikagonga kila moja kwa wakati wake, na Mama Pindo akasinzia.

Alipoamka mume alikuwa amepiga magoti mbele yake na rimoti. Mara moja tu, alimbembeleza, kabla dada hajafika. Akakubali, vile mtu anavyomkubalia anayempenda jambo lisilo na maana.

Kibarazani jua lilikuwa limelegea. Kigari kikaenda, na ndani ya muda mfupi milima ikarudi, na nyasi zikakutana juu, na yeye akawa mle tena, akipanda. Propela ya chuma haikusita. Alipita pale kilipokwama siku ile. Akapanda jiwe ambalo halijawahi kupandika, na karibu na kilele gurudumu la nyuma likateleza likaingia shimoni, ekseli ikaning'inia hewani. Akakiambia kidole kiachie.

Kikaachia. Kwa shida, kama mlango ulioshika kutu, lakini kilifunguka, na kikakaa wazi. Mama Pindo akakitazama. Alisahau kigari, alisahau mawe. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha mpaka akaogopa. Halafu akavuta tena aondoke shimoni, na mota ikanguruma, magurudumu ya mbele yakaparura jiwe, ya nyuma yakakaa kimya. Propela ilikuwa imechomoka. Vipande viwili vimeachana, kimoja kinazunguka peke yake, kingine kinaning'inia.

Fundi Saa alishafika. Alikiokota kigari, akaichukua rimoti mkononi mwa mkewe kabla hajaitoa, akamshika kiwiko. "Pole, mke wangu. Si kosa lako. Twende ndani ukapumzike."

"Najua si kosa langu. Niliachia."

Ndiyo, ndiyo, aliachia, mume akasema, kwa ile sauti ya kumfariji mtoto aliyedondosha kikombe. Na hasira iliyompanda Mama Pindo pale, jamani, hata yeye hakujua ilikuwa imelala wapi siku zote hizo. Iliamka pamoja na mkono.

"Usinijibu hivyo," alisema. "Nimesema kidole kiliachia. Propela yako ni fupi. Umeipima vipi?"

Fundi Saa hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu yeyote kwa miaka mingi. Akaeleza alivyopima, mezani, kwa uangalifu. Mke akarudi ndani akikokota mguu, akamwagiza akiweke kigari pale pale mezani. Halafu akakishika juu kwa mkono wa kushoto, akakinyanyua. Magurudumu yakashuka. Springi zikanyooka, ekseli zikaning'inia chini kabisa, na mumewe, mtu wa macho makali, akaona. Mama Pindo akamwambia apime sasa. Akapima. Njia ilikuwa imerefuka kwa upana wa kidole gumba. Akapima tena, na tena, mtu asiyerudia kipimo, kisha akavuta kigoda akakaa.

"Umelipima limekaa," mkewe alisema. "Gari la kupanda mawe, umelipima limekaa mezani." Akamtazama usoni. "Na mimi ndivyo unavyonipima. Tangu niugue, unanipima nimekaa."

Neno hilo lilimchoma mume. Alitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa imekata mkate na kufunga vifungo, na machozi yakamjia bila kuyaficha. Alichokisema kilikuwa kidogo: kwamba alikuwa akiogopa mkewe ataanguka tena.

"Nitaanguka," alisema Mama Pindo.

Hakusema kwa ukali. Alikitua kigari, akamwomba ile propela ya mbele iliyokuwa bado kwenye pakiti, haijakatwa. Ya mbele ingesubiri na plastiki yake. Hii wataikata iwe ya nyuma. Wakafanya kazi wakiwa wawili. Mume alikishika kigari juu, kikining'inia, na mke akavuta futi yake ya kitambaa, ncha moja kwa mkono mzima, nyingine akaibana na vidole vya mkono wa kulia, ikaponyoka, akaibana tena. Akalisukuma kila gurudumu juu mpaka mwisho, akalivuta chini mpaka mwisho, akakizungusha kigari huku na huku, kama alivyowazungusha watu wote wa mtaa ule. Mume akakata pale alipoonyeshwa. Misalaba ikatazama upande mmoja. Ikabaki kukaza, na mume akachukua skrubu, akainama aitie.

Mama Pindo akanyoosha kiganja. Skrubu ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Kidole kimoja hakivunji chawa, na cha shahada peke yake hakishiki skrubu. Kililihitaji gumba, na gumba lilikuwa bado zito. Vikakutana, vikaibana. Akaipeleka mpaka mdomoni mwa tundu. Ikaponyoka, ikaruka, ikalia sakafuni na kupotea. Fundi Saa alikuwa ameshainama nusu.

"Usiokote," alisema mkewe.

Akabaki vile vile, mgongo umekunjika, kisha akanyooka taratibu. Mama Pindo akashika ukingo wa meza, akashusha goti lililo zima, akavuta lile bovu, akakaa chini, kisha akalala kifudifudi. Uvunguni mwa meza ya mumewe kulikuwa na nchi nyingine. Vumbi limelala kwa mabonde, uzi mwekundu umekatiza kama barabara, gia za saa zilizosahauliwa zinang'aa kwa mbali. Alizijua safari za namna hii. Ila safari hii aliingia na mkono wake. Ulitangulia mbele yake sakafuni, ukipapasa.

Mlangoni pakasikika hodi. Wifi alikuwa amefika, na nje yupo mtu wa mkokoteni. Aliona miguu ya wifi yake imechomoza chini ya meza, akaachia mkoba ukaanguka. Fundi Saa alimwahi kizingitini. Mikono aliifunga nyuma ya mgongo, mmoja umeukamata mwingine, na kwa jinsi ilivyokamatana ungesema ni ya watu wawili wanaopigana.

"Muache, dada," alisema.

"Ameanguka."

"Hajaanguka. Anatafuta skrubu yake."

Dada mtu akamtazama mdogo wake, akaitazama miguu, akamtazama tena mdogo wake. Alikuwa mwanamke wa kusema kwa sauti ya juu. Safari hii akauliza kwa sauti ndogo habari ya cherehani, maana mwenye mkokoteni anasubiri juani. Hilo halikuwa la Fundi Saa kujibu. Chini ya meza kucha zilikuwa zikiparuza saruji, zikaacha, zikaanza tena mbele kidogo. Wote wawili wakasimama wakisikiliza.

"Mwenye mkokoteni mwambie aende," sauti ilitoka uvunguni. "Nisamehe, wifi, cherehani naihitaji. Na toka hapo mlangoni, unanizibia mwanga."